Tulitawaliwa Kutoka Wapi? Historia ya Utawala wa Handeni na Korogwe



  

Ndugu wasomaji, kila mwaka tunapoandikisha wanafunzi wapya tunajaza fomu yenye nafasi ya "wilaya ya kuzaliwa". Mwaka mmoja mzee mmoja wa Kwediboma alimleta mjukuu wake. Tukauliza mtoto kazaliwa wilaya gani, akajibu Kilindi. Baba yake? Handeni. Na wewe mzee wetu? Handeni pia, akasema, lakini si Mkoa wa Tanga, ni Jimbo la Tanga. Kisha akaongeza bila kuulizwa kwamba baba yake yeye alizaliwa chini ya boma la Pangani. Wanafunzi waliokuwa karibu wakacheka, wakidhani mzee amechanganyikiwa au kwamba ukoo wake ulikuwa wa kuhamahama. Mzee akawatazama tu, akasema: "Nyumba ni ile ile na mwembe ni ule ule."

Mzee alikuwa sahihi katika kila neno, na wanafunzi wetu hawakuwa na habari. Jambo hili si la kuchekesha tu. Kaka wa mwanafunzi wetu mwingine alizaliwa mwaka 2000, na cheti chake kikaandikwa Handeni. Alipokwenda kuomba kitambulisho, barua ya mtendaji wa kijiji ikasema Kilindi. Karani wa ofisi ile akaona karatasi mbili zinapingana, akamwambia moja kati yake ni ya kughushi. Alirudishwa mara mbili, nauli ikamwishia, na nafasi ya chuo ikampita mwaka ule. Hakuna aliyeghushi kitu. Wakati kijana anazaliwa, Wilaya ya Kilindi haikuwapo.

Kwa hiyo mwaka huu tumeona tuandike, kwa kadiri tunavyojua, nchi hii yetu ya Handeni na Korogwe imetawaliwa kutoka wapi na nani, na mipaka yake imebadilikaje.

MANENO KWANZA

Wanafunzi wanaosoma lugha ya Kiarabu wataona kwamba maneno mengi ya utawala tunayoyatumia kila siku wameshakutana nayo darasani. Wilaya ni yale mamlaka anayopewa walii wa jambo, yaani mwenye kulisimamia. Liwali ni al-wali, na sisi tumeliingiza lile "al" ndani ya neno kama tulivyozoea. Tarafa ni upande au ukingo wa kitu. Idara, amri, hati, daftari na kadhi hayahitaji maelezo. Serikali asili yake ni Kiajemi. Kata ni letu wenyewe, ni kipande kilichokatwa.

Neno diwani lina habari ndefu zaidi. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.), katika ukhalifa wake, ndiye aliyeanzisha diwani, nalo lilikuwa daftari la majina ya watu wanaostahiki kupewa fungu kutoka hazina ya Waislamu. Aliweka mawali katika miji ya mbali, kama Amru bin al-As (R.A.) kule Misri, na akawa akiwauliza hesabu. Neno likasafiri. Katika miji ya Mrima, ukiwemo Pangani, madiwani walikuwa wakuu wa mji. Leo diwani ni yule tunayempigia kura ya kata. Daftari limekuwa mtu!

ZAMA ZA VUGHA, NA WAZIGUA WASIO NA MFALME

Kabla ya wageni kuja na kalamu zao, nchi hii haikuwa na utaratibu mmoja. Milimani, huko Usambaa, kulikuwa na ufalme. Simulizi husema Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu, akapanda milima, akawapa watu nyama ya nguruwe mwitu na kuamua magomvi yao, hata wakamfanya mtawala. Ukoo wake ukaitwa Wakilindi na mji mkuu ukawa Vugha. Mfalme aliitwa Simba Mwene. Mkubwa wao kwa sifa ni Kimweri ye Nyumbai, aliyefariki mwaka 1862. Utawala wake ulishuka kutoka milimani mpaka Bonde na kukaribia bahari. Namna yake ya kutawala ilikuwa kuwaweka watoto wake wakae sehemu mbalimbali za nchi, na kutoka huko kodi ya mifugo na vitu vingine ikapanda kwenda Vugha.

Upande wa huku Uzigua hapakuwa na Vugha. Kila sehemu ilikuwa na mkubwa wake, na mtu mwenye nguvu aliweza kukusanya wafuasi akajenga boma la miti, akaitwa mkuu. Kando ya mto Ruvu, ambao ramani zinauita Pangani, watu walijenga vijiji juu ya visiwa katikati ya maji kwa ajili ya kujikinga na maadui. Korogwe ya zamani ilikuwa mojawapo, na Maurui nyingine. Wenye kudhani kwamba kukosa mfalme ni kukosa uwezo wakumbuke kwamba Kisabengo, aliyejenga mji uliokuja kuwa Morogoro, alikuwa Mzigua.

Lakini kukosa mkubwa mmoja kulikuwa na hatari yake. Katika miaka ya 1830 ilitokea njaa kubwa, na Wazigua wengi wakashuka pwani wakajiuza au wakauzwa, wakapakiwa majahazini hadi Somalia. Tusifiche kwamba wanunuzi na wenye majahazi wengi walikuwa watu wa dini yetu. Wajukuu wa watu hao waliendelea kusema Kizigua kando ya mto Juba kwa zaidi ya miaka 150. Vita vya Somalia vilipozuka wengi wao walikimbia wakarudi huku, na mwaka 2003 wakapewa makazi Chogo, hapa Handeni, na baadaye wengi wakapata uraia wa Tanzania. Hao nao wana kisa chao cha kujaza "mahali pa kuzaliwa".

LIWALI WA PANGANI

Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, aliishika pwani yote kutoka Unguja, na baada yake wanawe. Pangani akakaa liwali wa kutazama ushuru, maana pembe na watumwa kutoka bara walipita hapo. Juu ya kilima cha Tongwe waliwekwa askari wa Kibaluchi. Katika sehemu ya pwani ya Tanga na Pangani mamlaka ya Vugha na ya Unguja yalikutana, na wakubwa wa miji wakawa wanatazama pande mbili.

Je, sisi wa bara tulikuwa chini ya Sultani? Kwa maneno, ndiyo. Kwa vitendo, si sana. Bwana Heri bin Juma wa Saadani, Mzigua na Mwislamu, alipigana na jeshi la Sayyid Barghash mwaka 1882 na hakushindwa. Liwali alihesabu mizigo ilipofika bandarini. Aliyelima mahindi Sindeni au Kimbe hakumjua.

Kilichopanda kutoka pwani kwa uhakika ni kalamu. Baada ya Kimweri kufariki watoto na wajukuu wake waligombana vibaya. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya mlima, mahali ambapo leo ni Wilaya ya Korogwe, kwa sababu ndiko misafara ilikopita. Alivaa kama watu wa pwani na kuishi nao. Karibu naye alikuwa Abdallah bin Hemedi, mtu wa pwani aliyekuwa mwandishi wake. Huyu ndiye aliyetunga Habari za Wakilindi kwa Kiswahili, na kuanzia miaka ya 1890 kikachapwa kwa sehemu katika mtambo wa misheni ya Magila karibu na Muheza. Tunashukuru kwamba misheni ilikichapa. Lakini tunajiuliza kwa nini nyumba nyingi za Waislamu katika mkoa huu hazina hata nakala moja ya kitabu kilichoandikwa na Mwislamu juu ya nchi yao.

WAJERUMANI: BOMA, AKIDA NA RUPIA TATU

Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1884 Carl Peters alipita bara akikusanya alama za wakubwa kwenye mikataba ambayo wao hawakuielewa. Tarehe 27 Februari 1885 Kaizari wa Ujerumani akatoa hati ya ulinzi iliyotaja nchi nne: Usagara, Nguru, Uzigua na Ukami. Ndugu wasomaji, tazameni jambo hili. Jina la Uzigua liliandikwa Berlin katika karatasi ya kwanza kabisa ya utawala wa Kijerumani katika Afrika Mashariki, na wenyeji wa Uzigua hawakuwa na habari nayo. Mwaka uliofuata Wajerumani na Waingereza wakapatana kwamba Sultani abakiwe na ukanda wa maili 10 tu kutoka baharini. Kwa hiyo sisi tukakatwa kutoka Unguja kwa rula.

Mwaka 1888 Wajerumani walipoanza kushika pwani yenyewe, Pangani ikachafuka. Abushiri bin Salim aliongoza vita hadi alipokamatwa na kunyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Bwana Heri aliendelea kupigana kidogo, kisha akasalimu amri mwaka 1890. Tangu mwaka 1891 nchi ikawa mikononi mwa serikali ya Ujerumani yenyewe. Kule milimani Mputa, aliyekuwa mtawala wa Vugha, alinyongwa nao mwaka 1895, na ufalme ukabaki jina.

Sasa ndipo tunapopata "wilaya" za kwanza kwa maana ya leo, yaani nchi iliyogawanywa kwa mipaka na kila sehemu kuwa na boma lake. Milima ya Usambara Magharibi iliwekwa chini ya Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Uzigua uliwekwa chini ya Pangani, na Handeni ikajengwa boma dogo lililokuwa tawi la lile la Pangani. Ndiyo maana mzee wetu wa Kwediboma alisema babake alizaliwa "Pangani" ilhali hajawahi kuiona bahari. Na jina lenyewe la Kwediboma lina boma ndani yake!

Mjerumani mmoja hakuweza kutawala vijiji mia. Akachukua vyeo alivyovikuta pwani. Liwali akabaki katika miji, akida akapewa kundi la vijiji, na jumbe akawa mkuu wa kijiji. Akida alikuwa mara nyingi Mswahili au Mwarabu, ajuaye kuandika, aliyetoka mahali pengine. Tangu mwaka 1898 ikakusanywa kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka. Kabla ya hapo mtu aliweza kumaliza uhai wake bila kushika rupia, lakini sasa alilazimika kuuza mazao, au kwenda shamba la mkonge, au kufanya kazi ya serikali bila ujira.

Na barua zote hizo za akida kwa jumbe na jumbe kwa akida ziliandikwaje? Kwa Kiswahili, na katika miaka ya mwanzo kwa herufi za Kiarabu, yaani herufi zile zile anazojifunza mtoto wa miaka sita katika madrasa yetu. Wajerumani walifungua shule Tanga ili wapate makarani wa herufi za Kilatini, na polepole herufi zetu zikaondoka mezani. Lakini kwa muda mrefu aliyesoma chuoni ndiye aliyeweza kusoma amri za serikali.

Hapa tunaomba tuseme neno moja la uadilifu. Wapo wanaosimulia zama za maakida kwa kujivuna, kwamba Waislamu ndio waliokuwa watu wa serikali. Ni kweli Uislamu ulienea bara katika wakati huo, na walimu wengi walipita njia zile zile. Lakini akida yule yule ndiye aliyetoza kodi kwa kiboko, na wapo waliokula sehemu ya kodi hiyo. Babu zetu wa kijijini hawakuwapenda, na hatuna sababu ya kuwapenda zaidi kuliko wao.

Korogwe wakati huo huo ilichukua njia yake. Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Mkonge ulioletwa na Dokta Hindorf mwaka 1893, miche 62 tu iliyosalimika safarini, ukajaza bonde lote. Watu wa visiwani wakatoka majini, mji ukaja kukaa kando ya stesheni. Handeni yenyewe haikupata reli. Ukitaka kujua kwa nini miji hii miwili jirani haifanani, hiyo ndiyo sababu kubwa.

WAINGEREZA NA MAZUMBE

Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na Handeni, yote katika siku chache. Wilhelmstal ikarudi kuitwa Lushoto. Baadaye Handeni ikawa wilaya inayosimama yenyewe, haimtazami tena mkubwa wa Pangani.

Gavana Donald Cameron alifika mwaka 1925, na mwaka uliofuata akagawa Tanganyika majimbo 11, sisi tukawa Jimbo la Tanga. Akaondoa maakida na kutaka kila kabila litawaliwe na machifu wake "wa asili". Usambaa hilo lilikuwa jepesi, wakamrudisha Kinyashi wa ukoo wa Wakilindi katika kiti cha Vugha. Uzigua je, ambako hakukuwa na mfalme? Huko palilazimika kutafutwa mazumbe, wapewe mipaka, mishahara na mahakama. Watu wengine waliambiwa kuwa fulani ni zumbe wao wa asili, nao hawakumfahamu kabla ya siku hiyo. Tunasema hivi si kwa kudharau koo za mazumbe, maana miongoni mwao walikuwapo watu wa haki. Tunasema kwa sababu watoto huambiwa kwamba mipaka ya zamani ni ya tangu na tangu, kumbe mingine ilichorwa mezani na Bwana Shauri.

Korogwe ilikuwa mtihani zaidi. Mashamba ya mkonge yalijaa manamba kutoka Kigoma, Songea, Rwanda, Burundi na kwingineko. Zumbe gani awatawale watu wa makabila ishirini wanaokaa kambini kwa mkataba? Mashamba yalikuwa kama nchi ndani ya nchi, na meneja ndiye aliyekuwa serikali. Misikiti kadhaa ya bonde lile ilianzia makambini, ikijengwa na watu ambao hawakuwa na zumbe wala ukoo hapa. Kabla ya uhuru Korogwe nayo ilikuwa imekwisha kuwa wilaya kamili ndani ya Jimbo la Tanga, pamoja na Handeni, Lushoto, Pangani, Tanga na Pare. Naam, Upare ulikuwa kwetu, ndipo baadaye ukapelekwa Mkoa wa Kilimanjaro.

BAADA YA UHURU

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Majimbo yakawa mikoa. Mwaka 1963 sheria ya machifu ikafutwa, na Vugha na mazumbe wa Uzigua vikaisha kisheria kwa pamoja. Mwaka huo huo ikapitishwa sheria ya mahakama za mahakimu, na mahakama za maliwali na za wenyeji zikaingizwa katika Mahakama za Mwanzo. Ndiyo maana hadi leo mirathi ya Kiislamu inafunguliwa mbele ya hakimu wa Mahakama ya Mwanzo. Hili wazazi wengi hawalijui hata wafikwe na msiba.

Mwaka 1972 serikali ilivunja halmashauri za wilaya kwa mpango ulioitwa Madaraka Mikoani. Jina lilisema madaraka yanakwenda chini. Kwa maoni yetu yaliyokwenda chini ni maofisa, na madiwani waliochaguliwa wakaondoka. Halmashauri zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na zikaanza kazi tena mwaka 1984, zikiambatana na kodi ya maendeleo ambayo watu waliiita kodi ya kichwa. Wazazi wenu wanakumbuka mgambo walivyokuwa wakipita alfajiri na wanaume walivyokuwa wakilala porini. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003.

Tumeanza kwa kusema nyumba haikuhama. Inabidi tusahihishe. Mwezi Novemba 1973 ilitolewa amri kwamba watu wote wahamie vijijini kabla ya mwisho wa mwaka 1976, na Handeni, ambako watu walikaa mbalimbali porini kila mmoja na shamba lake, ni sehemu iliyoguswa sana. Hapo nyumba zilihama kweli. Mahame yapo mpaka leo, utaona mwembe au mnazi peke yake porini na makaburi kando yake. Sheria ya mwaka 1975 ikaviandikisha vijiji hivyo, na ndivyo vyenye mwenyekiti na mtendaji hadi sasa. Mwaka 2022 Handeni iliona tena nyumba zikihama, safari hii familia za kutoka Ngorongoro zilipoletwa Msomera.

JINA LA KILINDI LARUDI

Mwaka 2002 sehemu ya magharibi ya Handeni ikakatwa ikawa Wilaya ya Kilindi, makao yake makuu Songe. Sababu yake kila aliyewahi kusafiri kutoka Nguu kwenda boma la Handeni wakati wa masika anaijua. Mgonjwa, mwenye kesi, mwenye kutaka cheti, wote walilala njiani. Jina lililochaguliwa lina historia yake. Kilindi cha Nguu ndiko simulizi zinakotaja asili ya ukoo wa Mbegha. Ukoo ulioitawala milima kutoka Vugha ulibeba jina la huku bondeni, na miaka mingi baada ya ufalme kufutwa, jina likarudi nyumbani likiwa jina la wilaya.

Tangu hapo mikato imeendelea. Korogwe ilipata Halmashauri ya Mji pamoja na ile ya Wilaya, na Handeni ikafuata. Leo Mkoa wa Tanga una wilaya 8 lakini halmashauri 11, na hapa ndipo fomu nyingi zinapokosewa. Mwanafunzi anayekaa Manundu au Chanika yumo ndani ya Halmashauri ya Mji. Lakini wilaya yake ni Korogwe au Handeni kama ya mwenzake wa kijijini, na mkuu wa wilaya ni mmoja. Mjini chini ya kata kuna mtaa, kijijini chini ya kata kuna kijiji, na chini ya kijiji kitongoji.

Kwa wazazi: mtoto aliyezaliwa Songe au Kwediboma kabla ya mwaka 2002, cheti chake kikisema Handeni, hakina kosa. Msikibadilishe kwa njia za mkato, maana hapo ndipo mtageuza ukweli kuwa kughushi. Mwelezeni karani mwaka ambao Kilindi ilianza, na mwombeni mtendaji aitaje habari hiyo katika barua yake. Yule kijana tuliyemtaja alifanya hivyo mwaka uliofuata, akapata kitambulisho chake.

MAKARATASI YALIYOMO MASANDUKUNI

Limebaki jambo moja, nalo ndilo lililotusukuma tuandike zaidi ya mengine. Katika nyumba nyingi za hapa lipo sanduku la bati la babu. Ndani yake mna stakabadhi za kodi, hati za mashamba na barua. Baadhi zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Familia moja tunayoifahamu ilipofanya usafi baada ya msiba ilizikuta karatasi hizo, ikadhani ni aya za Qur'ani au hirizi, na kwa heshima, ili zisikanyagwe, ikazichoma moto. Nia yao ilikuwa njema. Mjukuu mmoja alikuwa ameokoa karatasi tatu kwa sababu alipenda mwandiko wake, akatuletea. Hazikuwa aya. Zilikuwa hesabu za shamba, Kiswahili kitupu, mnazi wa nani na mpaka uko wapi. Familia ile ina mgogoro wa shamba hilo hilo mpaka sasa, na zilizoungua hatujui zilisema nini.

Kwa hiyo kabla hamjachoma, leteni. Hatutazichukua. Tutazisoma pamoja na wanafunzi wa darasa la juu, tutawaandikia kwa herufi za kawaida, nanyi mtaondoka na karatasi zenu. Aya tutazitambua, na tutawaonyesha namna ya kuzihifadhi.

Mwaka huu tumeletewa barua moja, fupi, inayoanza kwa "Ila jenabi" na salamu nyingi. Baada ya salamu haina habari ila moja, kwamba jumbe awahimize watu wake walete rupia kabla ya mwezi wa Rajabu kuisha. Jina la mwandishi limeliwa na mchwa. Jina la mahali limebaki mim, ghaini, mim na be, irabu zake zimefutika. Wanafunzi wengine wamelisoma Magamba, wengine Mgambo, na Magamba zenyewe katika nchi hii ziko zaidi ya moja. Mwenye kuujua ukoo wa majumbe wa mojawapo ya sehemu hizo atukute madrasa siku yoyote baada ya Asri, barua ipo kabatini.